Antena, dishi, bando au kibanda umiza: pa kutazamia Kombe la Dunia bila kugombana na runinga

Fainali ya Qatar, tarehe 18 Desemba 2022, niliitazama kwa simu. Nilikuwa nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, bando limejaa, kiburi nacho kimejaa. Ufaransa wako nyuma mabao 2-0, dakika ya 80, Mbappé anaubeba mpira kuelekea nukta ya penalti. Hajauweka chini, nyumba ya jirani ikalipuka. Vigelegele, sufuria zinagongwa, mtoto wao katoka nje peku anakimbia kuzunguka mwembe. Basi nikakaa namtazama Mbappé anarudi hatua kadhaa nyuma, anapumua, anaitazama goli, nami matokeo ninayo mfukoni tayari. Akafunga. Kwangu Waargentina ndio kwanza wanaanzisha mpira katikati, jirani wakalipuka tena. Mabao yale mawili yalipishana kwa sekunde 97 tu, na yote mawili nililetewa na ukuta.

"Zima hiyo kitu," mke wangu akasema, "twende kwa baba Rehema."

Tulihamia na ndoo mbili za kukalia. Tangu siku ile, kila mashindano makubwa yakikaribia, kuna mtu ananiuliza: kaka, ninunue dishi, nikae na antena, au niweke tu bando? Swali linanipendeza, maana pesa nimeshapotezea kote huko.

Nianze na jambo ambalo wauza ving'amuzi hawalisemi: picha ni ile ile. Picha za Kombe la Dunia tangu mwaka 2002 zinatengenezwa na kampuni moja, HBS, na za Olimpiki zinatengenezwa na OBS, chombo kilichoanzishwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2001. Kituo cha Dar, cha Nairobi na cha Tokyo vyote vinapokea chakula kutoka jiko hilo hilo. Kwa hiyo ukikasirika kwamba kamera inamwonyesha mwanamke anayelia jukwaani wakati faulo inapigwa, hasira hiyo usimpelekee mtangazaji wako. Hana rimoti ya kule. Alichonacho yeye ni chumba chenye skrini, kipaza sauti na kikombe cha kahawa. Mara nyingi hata uwanjani hayupo, anatangaza kutoka studio akitazama picha unayoitazama wewe.

Kumbe basi picha haichaguliwi. Unachochagua ni mambo manne: utapewa mechi ngapi, zitakufikia zimechelewa kiasi gani, nani atakuwa anazungumza, na ni kitu gani kitakukatisha utamu.

Na kwa 2026 kuna la tano, saa. Qatar ilitudekeza. Saa zao ni zetu, fainali ilianza saa kumi na mbili jioni, watoto wanatazama, watu wanarudi nyumbani na daladala. Kombe la 2026 liko Marekani, Kanada na Mexico, kuanzia 11 Juni hadi 19 Julai, timu 48, mechi 104. New York iko nyuma yetu kwa saa saba, Los Angeles saa kumi. Mechi ya mchana wa New York kwetu ni saa moja jioni. Ya saa tisa alasiri yao ni saa nne usiku, na hiyo ndiyo saa ya ufunguzi kati ya Mexico na Afrika Kusini kule Azteca, na ndiyo saa ya fainali pia. Ya saa kumi na mbili jioni yao ni saa saba usiku. Ya saa tatu usiku yao, unaamka nayo saa kumi alfajiri pamoja na muadhini. Ukitaka kuchagua pa kutazamia, kwanza kaa na ratiba hii, kwa sababu kibanda kinachokufaa saa nne usiku huenda kina kufuli saa kumi alfajiri.

(Ufunguzi huo una kumbukumbu yake: tarehe 11 Juni 2010 timu hizo hizo zilifungua kule Johannesburg, Tshabalala akapachika lile bao la mguu wa kushoto, ikaisha 1-1. Mwaka ule kero ya runinga haikuwa mitambo, ilikuwa vuvuzela, zile tarumbeta za mashabiki. Marehemu shemeji yangu alimleta fundi akijua spika za TV zimekufa.)

Antena

Antena ndiyo rahisi kuliko zote. Unanunua king'amuzi mara moja, unaichomeka kwenye bomba juu ya bati, unaielekeza kwenye mnara, basi. Mvua haiisumbui sana. Kifurushi kikiisha, chaneli za taifa za bure zinabaki. Kwa mtu wa mjini mwenye watoto na mkopo wa vikoba, mimi siwezi kumwambia anunue kingine kabla ya hiki.

Lakini ujue unachopata. Vituo vya bure kwa kawaida hununua sehemu tu ya mashindano. Mwaka 2022 KBC ya Kenya ilionyesha mechi 28 kati ya 64. Ukifanya hesabu, zaidi ya nusu ya Kombe ulisimuliwa. Na hizo unazopewa huchagui wewe. Utapata ufunguzi, nusu fainali, fainali, na mechi za majina makubwa. Ukiwa unapenda kuona timu ambazo hukuwahi kuziona zikicheza, na kwangu huo ndio utamu wa hatua ya makundi, antena itakuacha unasoma matokeo.

Raundi ya mwisho ya makundi ni mbaya zaidi. Tangu 1986 mechi mbili za mwisho za kila kundi zinachezwa kwa wakati mmoja, baada ya Ujerumani Magharibi na Austria kupeana ule mchezo wa 1-0 wa aibu, uliowavusha wote wawili, kule Gijón mwaka 1982. Ni haki kabisa. Ila kituo chenye chaneli moja hakiwezi kuonyesha viwanja viwili, na kwa mpangilio wa 2026, ambapo washindi wa tatu wanane kati ya makundi 12 wanasonga mbele, bao la kule ndilo linaloamua hatima ya hapa.

Halafu kuna taarifa ya habari. Mechi ya saa moja jioni kipindi chake cha pili kinaanza saa mbili na dakika chache. Saa mbili usiku nchi hii ni saa ya habari, tangu enzi za redio ya mkulima. Muulize mtu yeyote aliyezoea chaneli za bure, atakwambia alivyowahi kutolewa kwenye mpira akapelekwa kwenye ufunguzi wa zahanati. Sina ugomvi na zahanati. Nasema tu, ukiwa na antena peke yake, mechi za saa moja zitazame kwa moyo wa tahadhari.

Matangazo nayo yamefunguliwa mlango. FIFA imeweka mapumziko ya kunywa maji ya dakika tatu katika kila kipindi, karibu na dakika ya 22, kwa mechi zote za 2026, joto liwepo lisiwepo. Wachezaji watakunywa maji, sisi tutakunywa sabuni, soda na mikopo ya simu. Shida yangu si tangazo, ni kurudi kutoka kwenye tangazo. Kituo kinachochelewa sekunde ishirini kurudi kinaweza kukurudishia watu wanashangilia kitu usichokiona.

Dishi la kulipia

Hapa ndipo mechi zote zilipo, kwa kawaida, na ndipo pesa nyingi zinapopotea kwa kutokuuliza. Watu wanasema "nimelipia king'amuzi" kama vile king'amuzi ni kitu kimoja. Unalipia kifurushi, na kila kifurushi kina orodha yake ya chaneli. Kampuni inaweza kutangaza barabarani kwa mabango makubwa kwamba inaonyesha mechi zote, ikasema kweli tupu, na wewe mwenye kifurushi cha chini ukapata za kuchaguliwa. Mimi liliwahi kunipata hilo usiku wa robo fainali. Nimeita wageni, mbuzi yuko kwenye mkaa, nabonyeza chaneli, kioo kinaniandikia kwa adabu kabisa kwamba chaneli hii haimo kwenye kifurushi changu. Kupanda kifurushi kwa simu kulichukua dakika tano. King'amuzi kufunguka kulichukua dakika arobaini na simu tatu kwa huduma kwa wateja, ambako sauti ya kike iliyorekodiwa iliniambia mara nyingi sana kuwa mimi ni wa thamani. Tangu hapo nalipa siku mbili kabla, na nafungua chaneli yenyewe kuona picha, siyo kuamini ujumbe.

Haki za matangazo nazo zinahamahama. Januari 2024, siku chache kabla ya AFCON ya Ivory Coast, SuperSport walitangaza kwamba hawatakuwa na mashindano yale, mtu umeshalipia mwezi mzima. Kisha wakapata makubaliano dakika za mwisho, wakaonyesha. Taifa Stars walikuwemo mle, na bao la Msuva dhidi ya Zambia kuna watu walikaribia kulikosa kwa sababu ya mikataba ya maofisini. Kwa hiyo usinunue dishi mwezi mzima kabla kwa sababu mwaka jana lilionyesha. Subiri tangazo la mashindano haya haya, halafu uliza swali moja tu dukani, kwa maneno haya: kifurushi hiki kinaonyesha mechi zote 104 au za kuchaguliwa? Muuzaji akianza na "bosi, burudani ni nyingi," umeshajibiwa.

Kuna mvua pia. Wingu zito likipita kati ya dishi na setelaiti, picha inavunjika vigae vigae, kisha kioo kinakuwa bluu. Juni na Julai bahati yetu ni kiangazi sehemu nyingi za nchi, kwa hiyo kwa Kombe hili sioni kama ni hoja. Kwa AFCON ya Januari, watu wa Mbeya wananielewa.

Faida ya dishi ambayo haisemwi ni chaneli mbili kwa mpigo kwenye ile raundi ya mwisho ya makundi, na lugha. Baadhi ya vifurushi vinakupa mtangazaji wa Kiswahili na wa Kiingereza, unachagua kwa rimoti. Mimi ni wa Kiswahili, na si kwa uzalendo. Mtangazaji wa Kiswahili akisema beki "amepigwa chenga ya mwili, ametafuta Sh. 500 chini," nimeona kitendo mara mbili. Ila kuna wanaozungumza bila kupumua, hata faulo ya katikati ya uwanja inapewa mashairi, hadi refa anapuliza filimbi ya penalti bado hajamaliza kumsifu mtu aliyerusha mpira. Ukimpata wa namna hiyo, hamia Kiingereza au punguza sauti.

Bando

Simu ni nzuri kwa mtu anayeishi peke yake, anayelala mapema na kuamka saa kumi, asiyetaka kuwasha taa ya sebuleni. Kwa ratiba ya 2026 watu wa namna hiyo watakuwa wengi. Mechi ya alfajiri chini ya shuka, sikioni spika moja, mwenzako amelala: hilo dishi halikupi.

Gharama yake pigia hesabu mapema. Picha ya ubora wa kati hula karibu GB 1 kwa saa, ya ubora wa juu mara mbili au tatu yake. Mechi moja na nyongeza zake ni saa mbili. Mechi tano kwa wiki kwa ubora wa kati ni GB 10, na bado hujatazama magoli kwenye mitandao. Mwenye Wi-Fi ya ofisini ambaye ni mlinzi wa usiku, huyo namwonea wivu.

Kuchelewa umeshanisikia. Picha ya intaneti inakatwa vipande, inahifadhiwa, inapakuliwa, ndipo inaonyeshwa; ikikufikia sekunde thelathini au zaidi nyuma ya dishi si ajabu. Kama umeweka mkeka, programu ya kubeti itakutumia taarifa ya bao kabla hujaliona. Zima taarifa zote, funga na WhatsApp, hasa lile kundi la shule ya msingi ambalo halijawahi kuwa na habari yoyote isipokuwa wakati wa mpira. Na zile linki za bure zinazosambazwa, zenye kufungua madirisha manne ya kamari kabla ya picha, achana nazo. Zinakatika dakika ya 70 kama zimeapizwa.

Kibanda umiza

Kwetu kiingilio ni shilingi 500, mechi kubwa 1,000. Kwa mtu anayetaka mechi kumi na tano za Kombe zima, hakuna hesabu inayokishinda. Mwenye kibanda kalipia kifurushi cha juu, ana jenereta, ana skrini mbili kwa zile mechi za pamoja. Kuchelewa hakukuhusu, kwa sababu mnachelewa wote.

Nusu fainali ya Brazil na Ujerumani, 8 Julai 2014, nilikuwa kibandani. Ilianza saa tano usiku. Ujerumani wanaongoza 1-0, mzee mmoja mbele yangu akasema anatoka kununua sigara, nimtunzie nafasi. Likaingia la pili. La tatu likaja ndani ya dakika moja, nusu ya kibanda ikasema ni marudio. La nne, mtu akamfokea mwenye kibanda aache kuchezea rimoti. Mzee aliporudi na sigara yake imewashwa, ubao unasoma 5-0, na ilikuwa bado dakika ya 30. Alimtazama kila mmoja wetu usoni, akauliza, "Mmebadilisha mechi?" Hakuna dishi litakalokuuzia jambo hilo.

Ubaya wake unajulikana: joto, moshi, benchi lisilo na mgongo, na mama au dada zako wengi hawataingia. Na saa. Saa nne usiku kibanda kitakuwa kimefurika. Saa saba usiku itategemea mtaa, askari polisi na mjumbe. Saa kumi alfajiri, muulize mwenyewe kabla hujatoka nyumbani na koti.

Redio naitaja kwa ajili ya umeme. Ikikatika, simu ndogo yenye FM, waya wa spika za masikioni ukawa antena, haili bando. Usitegemee iwe mbele ya runinga, maana watangazaji wengi wa redio nao wanatazama skrini. Lakini itakupeleka hadi filimbi ya mwisho.

Ukiwa mtu wa riadha, hesabu inageuka

Haya yote ni ya mpira. Kwenye Olimpiki na mashindano ya dunia ya riadha namshauri mtu kinyume kabisa: anza na simu.

Sababu ni kwamba uwanja wa riadha una mambo sita kwa wakati mmoja, na kituo cha runinga kinakupa moja. Mbio za mita 10,000 ni mizunguko 25. Mizunguko mitatu unaonyeshwa, kisha unapelekwa kwenye kutupa tufe, kisha tangazo, kisha unarudishwa kengele inalia na kundi la watu kumi na tano limebaki watu wanne. Walioachwa waliachwa lini? Nani aliongeza kasi? Ndiyo mbio yenyewe hiyo, na imekupita. Kwa mtu wa Afrika Mashariki hii ni kero ya pekee, kwa sababu ndizo mbio zetu.

Marathoni ina kero nyingine. Pikipiki za kamera zinakaa na kundi la mbele. Rio 2016 Alphonce Simbu wa Tanzania alimaliza wa tano, matokeo makubwa kwa nchi isiyokuwa na medali ya Olimpiki tangu fedha za Bayi na Nyambui kule Moscow 1980, lakini ukitazama runinga siku ile ulimwona Kipchoge, ukamwona Kipchoge tena, na Simbu ukamwona akikatiza. Programu ya mashindano au tovuti ya matokeo ya moja kwa moja inakupa kila mkimbiaji kila kilomita tano: yuko wa ngapi, sekunde ngapi nyuma. Haina picha, ila ina habari zake.

Tokyo, 15 Septemba 2025, marathoni ya wanaume ilikimbiwa asubuhi yao, usiku wa manane wetu. Nilikuwa na simu mbili, moja ya picha, moja ya namba. Namba zilinionyesha Simbu yupo kundini muda wote ambao picha haikumtaja. Wakaingia uwanjani, Petros wa Ujerumani mbele, Simbu anamfuata, Petros anajirusha kwenye mstari, wote wawili wakaandikiwa saa 2:09:48. Kwenye ile simu ya picha hata mtangazaji hakujua. Simu ya namba ndiyo iliyolipandisha jina la Simbu juu, kwa tofauti ya sekunde 0.03, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Nilipiga kelele peke yangu mtaa mzima. Kwa mara ya kwanza jirani ndiye aliyeamshwa na ukuta.

Olimpiki ya 2028 iko Los Angeles, saa kumi nyuma yetu, kwa hiyo simu hizo mbili sizigawi.

Kwa Kombe la 2026 nimeshaamua hivi. Antena ipo, haihitaji kitu, itanipa mechi za saa nne usiku zitakazoonyeshwa bure. Raundi ya mwisho ya makundi nitakwenda kibandani kwenye skrini mbili, na shilingi elfu yangu mkononi. Za alfajiri nitazitazama kwa simu, mbili tatu tu kwa wiki, kwa sababu kazini nako kuna mkurugenzi. Fainali nimeshaongea na baba Rehema: kifurushi chake, kahawa na kashata zangu, na safari hii nakuja na kiti.